Mawe Pacha ya Irangwa

Nakijwa alikuwa na utaratibu wake wa kufunga mbeleko, na hakuukiuka hata siku za mvua. Kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka nyayo zote mbili zikatulia sakafuni. Kisha alivaa viatu vya matairi, vile vyenye meno marefu, kwa sababu mtu mwepesi akivaa kandambili huserereka kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Mwisho alizungusha ule mkanda mpana wa kijivu kiunoni, akabana kifungo, akasubiri.

Mkanda uliunguruma kidogo kama paka aliyeshiba. Uzito ukaanza kumtoka taratibu, kwenye mabega, kwenye nyonga, halafu kwenye yale magoti mawili yaliyomweka kitandani miaka sita. Hapo akasimama.

Miaka mitatu sasa alikuwa akisimama hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi alimshukuru Mungu, akamshukuru na fundi Niwaeli, binti wa kijiji hichohicho cha Irangwa aliyekwenda kusoma mambo ya kani na mwendo akarudi na mikanda. Watu waliiita mikanda hiyo mbeleko kwa sababu inakubeba. Kati ya waliokuwa nayo, sitini na wawili walikuwa wabeba tangawizi, waliofungia mkanda mwingine mdogo kwenye gunia na kulishusha mlimani kama mto wa kulalia. Kumi na mmoja waliobaki walikuwa kama Nakijwa, watu ambao bila mkanda hawafiki mlangoni.

Kuizoea mbeleko kulikuwa na visa vyake. Wiki ya kwanza Nakijwa aliteremka njia ya kwa Kiondo, mwenyekiti wa bwawa la kijiji, akiwa na furaha ya mtoto. Hatua moja ikawa tatu, tatu zikawa mbio, na alipotaka kusimama, mwili ukakataa. Aliingia banda la mbuzi wa mwenyekiti bila kupiga hodi.

"Nilikuambia, Bibi," Niwaeli alisema huku akimtoa majani kichwani. "Mkanda unaondoa uzito, hauondoi tungamo. Wewe bado ni kilo sabini. Kitu cha kilo sabini kikishaanza kwenda, kinataka kuendelea kwenda. Na ukiwa mwepesi, viatu havikandamizi ardhi, kwa hiyo msuguano nao unapungua. Breki huna."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Anza kusimama kabla hujataka kusimama."

Tangu siku hiyo alianza kusimama hatua kumi kabla ya kona, na mbuzi wa Kiondo wakapumua.

*

Jumanne moja alishuka hadi Mvuleni, kitongoji kilicho chini ya ndiva, kumtembelea wifi yake Namkunda. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo Wapare wamelichimba milimani tangu zamani; maji hukusanywa usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, mashamba yanapata zamu zao. Ndiva ya Irangwa ilikaa juu kabisa ya Mvuleni. Ukisimama uani kwa Namkunda na kuinua uso, unaliona tuta lake limejaa nyasi, kimo cha nyumba mbili.

"Karibu, kipepeo," Namkunda alisema bila kuacha kupepeta maharage. "Umekuja kwa miguu au upepo umekuleta?"

"Nimekuja kwa miguu, wifi, na nina kiu. Nipe maji, acha maneno."

Namkunda alichota kwenye mtungi wa nyuma, akaupita ule wa mbele uliokuwa karibu zaidi. Nakijwa alikuwa mtu wa kuona vitu kama hivyo.

"Huo wa mbele una nini?"

"Huo ni wa leo. Chemchemi yangu imeota tabia. Siku za kazi inatoa maji kama uji wa ulezi. Ikifika Sabato, meupe, unaona mpaka mchanga wa chini. Nimemwambia mume wangu kwamba hata chemchemi inashika amri ya nne, yeye inamshinda."

Nakijwa alicheka, akanywa, lakini kikombe alikishusha polepole. Chemchemi ya Namkunda ilitoka hatua ishirini nyuma ya nyumba, pale mguu wa tuta la ndiva unapokutana na shamba.

"Imeanza lini?"

"Tangu masika. Mwanzo ilikuwa kidogo tu."

"Leo ninalala hapa," Nakijwa alisema. "Kesho nataka kuiangalia."

"Utaangalia maji? Huna runinga kwako?"

*

Jumatano nayo ilikuwa siku ya kushusha tangawizi. Wifi hao wawili walipeleka vigoda vyao nyuma ya nyumba jua likiwa bado changa. Maji yalitoka membamba na safi, yakipita juu ya majani ya magimbi. Kimya. Jongoo mmoja alivuka.

Saa mbili walisikia vicheko na nyimbo za wabebaji huko juu, watu wakifunga mikanda, watu wakiitana majina. Namkunda alikuwa katikati ya umbea wa harusi fulani wakati Nakijwa alipomshika mkono.

"Tazama."

Uzi mwembamba wa udongo ulikuwa umeingia kwenye maji, mwekundu, kama tone la damu kwenye maziwa. Ukapanuka. Baada ya muda wa kumenya viazi vya mlo mmoja, chemchemi yote ilikuwa uji wa ulezi, na ilikuwa inatoka kwa kusukumwa, ikifura na kunywea, ikifura na kunywea.

Saa nne nyimbo zilikoma. Wabebaji walikuwa wamevua mikanda wapate kunywa uji. Nakijwa alihesabu kwa vidole. Kabla hajamaliza kuhesabu kumi kwa mara ya sita, maji yalianza kupauka. Wabebaji waliporudi kazini, udongo ukarudi.

"Wifi," Namkunda alisema, na safari hii hakuna utani uliokuwa kwenye sauti yake. "Ni nini kile?"

Nakijwa aliinua macho kwenye tuta. Alikuwa anaikumbuka siku ambayo Niwaeli alikuja na mawe. Kila mkanda ulikuwa na pacha wake, jiwe jeusi la ukubwa wa tofali, na fundi alisema mawe hayo yazikwe kwenye ardhi iliyo imara kuliko zote kijijini. Wanaume walibishana. Ndipo Nakijwa, aliyekuwa amebebwa kwenye kiti kuletwa mkutanoni, alisema, "Mnatafuta nini wakati tuta la ndiva lipo? Pale tumepakanyaga sisi kwa miguu, na mama zetu, na mama zao. Kila msaragambo, kijiji kizima tunashindilia udongo pamoja kwa nyimbo. Jembe lenyewe linadunda."

Watu wote walikubali. Nani Irangwa angebisha? Kila mmoja alikuwa na jasho lake kwenye tuta lile. Ilikuwa ni kiangazi, ndiva ilikuwa imekaushwa ipate kutolewa tope, na chuma cha kupimia cha Niwaeli kiligonga udongo kikarudi. Kwa fikra za watu, ule uzito uliowatoka ulikuwa umepotea, kama moshi.

"Ni sisi," Nakijwa alisema. "Udongo ule ni wa tuta. Nadhani ni sisi, tumewakalia."

*

Njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu Nakijwa alitamani iwe ndefu zaidi. Mwili ulikuwa mwepesi, moyo ndio ulikuwa gunia.

Akisema, mikanda yote itazimwa. Hilo alilijua bila kuambiwa na fundi. Atarudi kitandani. Alifikiri juu ya vitu vidogo, maana ndivyo vilivyomuuma: kwenda chooni bila kushikwa mkono. Kuchuma majani ya maboga akiwa ameinama mwenyewe. Kukaa kanisani kwenye benchi la tatu, upande wa dirisha, mahali alipochagua yeye na si pale alipowekwa. Na walikuwapo kumi wengine wenye choo chao na benchi lao.

Akinyamaza, pengine tuta litashika, lisipasuke juu ya Mvuleni. Limeshika miaka mingi. Mavuno ya tangawizi yalikuwa yamebakiza wiki mbili, baada ya hapo wabebaji wangepumzika, na mzigo ungepungua wenyewe. Wiki mbili ni nini? Angeweza kujifanya mgonjwa wiki hizo mbili, asionekane, asiulizwe.

Alipofika kwenye kona ya mwisho aligeuka. Bati la Namkunda lilikuwa linametameta chini, na moshi wa jiko lake ukipanda wima. Nyumba thelathini na moja. Alizihesabu zote, na alipomaliza alijiona mjinga, kwa sababu kumbe alikuwa anazihesabu kana kwamba idadi ingeweza kutokea ikawa ndogo kiasi cha kumruhusu.

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Niwaeli.

*

Niwaeli alisikiliza hadithi yote akiwa ameshika bisibisi, na hakuiweka chini. Kisha alichukua fimbo yake ya chuma, wakapanda wote wawili hadi kwenye tuta. Alichagua mahali kati ya pale mawe yalipozikwa, akaegemea fimbo. Ilizama kama kijiko kwenye ugali wa moto. Ikafika mkononi.

"Kiangazi ilidunda," alisema polepole. "Nilipima udongo mkavu, Bibi. Sikurudi kupima ndiva ikiwa imejaa."

"Niambie mimi nielewe. Uzito wetu uko wapi?"

Niwaeli aliweka kiganja kwenye bega la Nakijwa, akamsukuma kidogo. Nakijwa mwepesi akarudi nyuma hatua moja, na Niwaeli naye akayumba upande wake.

"Umeona? Nimekusukuma, na wewe umenisukuma, ingawa hukutaka. Hakuna anayesukuma bila kusukumwa, kiasi kilekile, wakati uleule. Mkanda ukikusukuma juu, ni lazima kitu kingine kisukumwe chini. Hicho kitu ni jiwe pacha. Uzito haukupotea hata siku moja. Uko hapa, chini ya miguu yetu."

"Wote?"

"Siku ya tangawizi ni zaidi ya tani saba. Na hautulii. Kila mbebaji akipiga hatua, jiwe lake linagonga. Watu sitini na wawili wanatwanga tuta hili lenye maji kutwa nzima."

Nakijwa aliangalia nyasi zilizokuwa zikicheza na upepo. "Mimi ndiye niliyesema yazikwe hapa."

"Na mimi ndiye niliyeyazika. Tugawane, Bibi. Usibebe peke yako."

"Yanaweza kuhamishwa?"

Niwaeli alinyosha kidole kuvuka bonde, kwenye mwamba wa kijivu uliochomoza kama paji la uso. "Pale hapatikisiki. Lakini ni mbali. Kadiri mkanda na pacha wake wanavyoachana, ndivyo kusukumana kwao kunavyolegea. Utapata nusu tu ya wepesi uliouzoea." Akamgeukia. "Mvuleni hutashuka tena kwa miguu. Labda utafika uani."

*

Mkutano ulifanyika siku ileile alasiri, mbele ya ghala la tangawizi. Niwaeli alieleza, watu wakanung'unika. Kiondo, mwenyekiti, mtu mwema lakini mgumu kama kigogo, aliinua mkono.

"Tumesikia. Hakuna anayepuuza. Lakini tangawizi iko nje, inaoza. Tumalize mavuno, wiki mbili tu, halafu tufanye msaragambo mkubwa tuhamishe."

"Wiki mbili za kutwanga?" Niwaeli aliuliza.

"Tuta lile ni la babu zetu, binti yangu. Halijawahi kutuaibisha."

Mbebaji mmoja, Eliaika, mwanamke mwenye shingo ndefu na ulimi usio na breki, alisimama. "Mimi nataka kumuuliza Bibi Nakijwa. Si wewe uliyetuambia tuzike pale? Tumekusikiliza. Leo unatuambia tufukue. Kesho utatuambia nini, tumeze?"

Watu wakacheka. Nakijwa naye akacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa haki.

"Mwanangu Eliaika, ni mimi. Nilikosea mbele yenu wote, kwa hiyo nasahihisha mbele yenu wote. Nilijua tuta limeshindiliwa na miguu. Sikujua kwamba nasi tutakuwa miguu juu yake, mchana kutwa, bila kuonekana."

"Na wewe utatembeaje?"

Swali hilo halikuwa la kejeli. Eliaika alikuwa mmoja wa waliomgeuza kitandani enzi zile, na uso wake ulionyesha kwamba amekumbuka.

"Sitatembea," Nakijwa alisema. "Au nitatembea kidogo. Miaka mitatu nimetembea vizuri sana, na nawashukuru. Lakini kumbe wakati wote huo kulikuwa na mtu chini yangu. Namkunda alikuwa chini yangu. Siwezi kujua hilo halafu nikafunga mkanda asubuhi."

Aliinama akatafuta kiti. Hakikuwapo cha karibu. Basi akaketi chini kwenye vumbi, taratibu, kama anavyoketi mtu anayejua kwamba hatainuka peke yake, akafungua kifungo. Mkanda ukanyamaza. Uzito ulimrudia wote kwa pamoja, akaguna, mkono wa Eliaika ukawa tayari umeshafika mgongoni kwake.

Kisha kifungo kingine kikalia. Alikuwa mzee Sefue wa miguu iliyokufa ganzi, mmoja wa wale kumi na mmoja. "Nibebeni mniweke pale na Nakijwa," alisema. "Na mnipe kitu cha kuegemea, mimi si gunia." Kikalia kingine. Kiondo alitazama watu wake wakivua mmoja mmoja, akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Fungueni mlango wa ndiva, maji yote yatoke," alisema hatimaye. "Watu wa Mvuleni wapande huku juu leo hii, na vyakula vyao. Kesho asubuhi ni msaragambo. Asiyekuja nitamtaja."

*

Hakuna aliyehitaji kutajwa. Walikuja na majembe, sururu, ndoo, na masufuria ya makande, wa Irangwa na wa Mvuleni. Nakijwa alibebwa pamoja na kiti chake akawekwa kwenye kivuli cha mvule, mahali anapoweza kuona, na Namkunda akakaa pembeni yake kwa kisingizio cha kuchambua mchele.

Mawe yalikuwa yamezikwa kina cha goti. Wachimbaji walifika kina cha goti, hakuna jiwe. Wakafika kiunoni. Jiwe la kwanza lilionekana wakati mchimbaji amebaki kichwa tu juu ya shimo, na nyuma ya jiwe hilo palikuwa na tundu refu lenye maji ya matope, limejichimba kuelekea Mvuleni. Kiondo aliingiza mti wa futi kumi. Uliingia wote.

Alitoka shimoni akiwa na tope hadi kifuani, akaja mpaka kwenye kiti cha Nakijwa, akachuchumaa.

"Wiki mbili, nilisema."

"Ulisema," Nakijwa alijibu. "Nami njiani nilisema hivyohivyo. Nyanyuka, tope linakukaukia."

Yale mawe sabini na matatu na mapacha ya mikanda ya magunia yalivuka bonde juu ya vichwa, kwa ngata za majani ya migomba. Wabebaji walikuwa wamesahau uzito halisi ulivyo. Walihema, wakalalamika, wakataniana, wakaanza nyimbo za mama zao, na kwenye miteremko walishangaa jinsi nyayo zao zilivyoshika ardhi vizuri, jinsi mtu mzito anavyoweza kusimama pale pale anapotaka. Siku tatu mfululizo mkulima yeyote mwenye tangawizi inayooza alikuta majirani wameshaibeba kichwani. Ilichelewa, lakini ilifika.

Na tuta likachimbwa, likajazwa mawe na udongo mpya, likakanyagwa upya na kila mwenye miguu.

*

Siku ya tano Niwaeli alikuja na mkanda. Nakijwa alikaa ukingoni mwa kitanda, Namkunda mkono huu, fimbo mbili mpya mkono ule.

"Usitegemee kama zamani, Bibi. Samahani."

"Samahani ya nini? Funga."

Uzito ulianza kumtoka, ukafika nusu, ukasita hapo. Magoti yakaamka na maumivu yao. Nakijwa aliuma meno, akaweka fimbo, akasukuma.

Alisimama.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya aibu. Ya pili ilimtoa jasho. Alipita kitasa, kizingiti, kivuli cha paa, na hatua ya kumi na moja ikamfikisha katikati ya uwanja, jua likimpiga usoni. Hapo akatulia.

Nusu yake ilikuwa imebebwa na mwamba ng'ambo ya bonde. Nusu nyingine ilikuwa yake, na aliihisi ikishuka kwenye nyonga, magoti, visigino, mpaka ardhini. Na ardhi ilikuwa inamjibu. Alihisi hilo sawasawa kwenye nyayo, jinsi udongo ulivyomsukuma kwenda juu, kilo kwa kilo, hauzidishi wala haupunguzi. Haikuwa ya leo tu. Tangu alipotambaa, tangu alipochezwa ngoma, alipobeba mimba nne na kuni zisizohesabika, hata ile miaka sita ya kitandani, kitu fulani kilikuwa chini yake kikimsukuma ili asizame, na hakuwahi kugeuza shingo kukitazama. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Unalia?" Namkunda aliuliza. "Inauma?"

"Inauma. Na ninashukuru."

"Unamshukuru nani? Niwaeli ameshaingia ndani kutafuta uji."

"Naishukuru ardhi. Nikiikanyaga inanisukuma. Miaka yote hii, wifi, na haijaomba hata kupumzika."

Namkunda alitazama chini, akakanyaga mara mbili kwa kisigino kama anayejaribu godoro, akatikisa kichwa.

"Haya. Iambie ikusukume mpaka pale kwenye jamvi, nimechoka kusimama. Mvuleni hushuki tena, kwa hiyo nitakuwa ninapanda mimi, kila Jumanne, na kilima hiki kitanimaliza."

"Ukipanda njoo na maharage."

"Unaona? Hata shukrani zenyewe hazijakauka, ameanza kuagiza."

Nakijwa alicheka mpaka fimbo zikatetemeka. Kisha alizituliza, akaegemea uzito wake wote aliobakiwa nao juu ya nchi, akapiga hatua ya kumi na mbili.